Mlango wa Stoo ya Bi Salima

Furaha ameniwekea daftari mezani na kalamu mbili, kana kwamba moja nitaimaliza. Yeye ndiye anayeendesha karakana sasa, na anasema mafundi wapya wanapaswa kusoma kazi ilikuwaje kabla simu haijaanza kumwonyesha mtu kila kitu. "Andika yote, tonton," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, ambacho mjomba ni tonton na ndio ni njo. "Hata zile za haya. Za haya njo zinafundisha." Nimetii. Nimeanza na za haya kwa sababu ndizo nyingi.

Nimestaafu mwezi wa tatu baada ya maisha mazima ya kutengeneza mafriji, vyumba vya baridi na, miaka ya mwisho, pampu za joto za nyumbani. Watu hudhani hizo ni kazi mbili tofauti. Ni kazi moja. Mimi mwenyewe nilichelewa kulijua hilo, na bibi mmoja wa Chatsworth, hapa Durban, nusura ang'olewe nyumbani kwake kwa ajili ya uchelewaji wangu.

Nilianzia Bujumbura, kwenye ghala la baridi la samaki karibu na ziwa. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Barnabé, mtu mfupi aliyevaa koti lake la sufi hata barabarani kwenye jua kali, ili watu wajue anafanya kazi wapi. Siku ya kwanza alinituma ndani nikatoe kreti mbili za mukeke, samaki wa ziwa letu. Niliogopa mlango usije ukanifungia humo, nikavua kiatu kimoja nikauzuia nacho, nikaingia kwenye sakafu ya barafu mguu mmoja ukiwa peku. Sijui kwa nini sikutumia kipande cha ubao. Nilikuwa na elimu ya sekondari.

"Mlango!" Mzee Barnabé alipiga ukelele uliowatoa hata wauza ndagala, dagaa wa kwetu, nje. "Unawapasha joto samaki wa watu!" Alikichukua kiatu changu, akakiweka juu ya kabati lake mpaka saa za kutoka, nami nikashinda nikichechemea katikati ya kreti. Kwa miaka saba niliyofanya kazi pale sidhani kama alilijua jina langu. Neno aliloniitia lilikuwa hilo moja, Mlango, na liliniingia mwilini. Mpaka leo nikipita mbele ya mlango ulio wazi mkono unanyanyuka wenyewe. Mke wangu Godelive anapenda kuwasimulia wageni kwamba niliwahi kufunga mlango wa kanisa padri akiwa bado nje.

Vita vilipotuzidi tulishuka kusini, nchi kwa nchi, hadi Durban. Tulipata chumba Greyville, ghorofa ya tatu, na mimi nikawa natengeneza mafriji ya vioski na ya majirani, nikibeba vifaa kwenye mfuko wa shule wa binti yangu wenye picha ya sungura. Mteja akiona sungura anapunguza imani, lakini friji ikianza kunguruma imani inarudi. Kutoka hapo nikachukuliwa na Bwana Naidoo, aliyekuwa na karakana ndogo Overport, nyuma ya maduka. Alikuwa mzaliwa wa Durban, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Tulizungumza Kiingereza, chake cha haraka na changu cha kuombea msamaha, kwa hiyo maneno yake hapa nayaweka kwa Kiswahili.

Asubuhi ya kwanza aliniuliza, "Friji inatengeneza nini?"

"Baridi, bwana," nikasema, nikishangaa swali jepesi namna hiyo.

"Fagia karakana. Kesho nitakuuliza tena."

Kesho yake nikajibu baridi, nikafagia. Siku ya tatu nilijibu baridi kavu, nikidhani tofauti iko hapo. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya friji iliyokuwa ikifanya kazi, akaubandika mkono wangu kwenye mabomba meusi. Yalikuwa ya moto. "Hakuna mashine inayotengeneza baridi," alisema. "Hii inatoa joto kwenye chakula na kulimwaga huku nyuma. Wewe ni mpagazi, Deo. Unabeba joto kutoka hapa kwenda pale. Ukikumbuka hilo hutanisumbua." Nililikumbuka kwa maneno. Kulikumbuka kwa akili kulichukua muda mrefu zaidi.

Miaka ikapita, karakana ikakua, Furaha akaja kutoka Bukavu na cheti chake cha umeme na ulimi wake mkali. Halafu majira moja ya baridi Bwana Naidoo akaleta masanduku mawili na kutuambia kwamba sasa tutawafungia watu pampu za joto majumbani. Nilicheka mbele yake. Joto, Durban! Mji ambao Februari shati linashikamana na mgongo kabla hujamaliza kulifunga vifungo. Nilimwambia Godelive jioni ile kwamba mzee ameanza kuchoka kichwa.

Lakini nilisahau nyumba za Durban zilivyo. Zimejengwa kwa ajili ya Februari. Juni na Julai, alfajiri, baridi inapita chini ya milango na kupanda kutoka sakafuni, na watu hukaa mbele ya hita ya waya mwekundu, miguu ikiungua na mgongo ukiganda. Wengine huwasha hita ya mafuta ya taa, chumba kikajaa harufu na unyevunyevu, kuta zikaota madoa, na watoto wakakohoa mpaka Septemba.

Bwana Naidoo hakubishana nami. Alifunga moja ya zile mashine ofisini kwake, akanisimamisha nje mbele ya feni ya kisanduku chake cha nje asubuhi ya Julai. Feni ilinipulizia baridi kali kuliko ile niliyosimama ndani yake. Akanivuta ndani, na hewa iliyotoka kwenye kile kisanduku cha ukutani ilikuwa ya moto. Nilitoka nje tena, nikarudi ndani tena. Nilifanya hivyo mara nne. Furaha aliniuliza kama natafuta mahali pa kutagia.

Nanyi mnaosoma hili, mteja akiwauliza, mwelezeni hivi. Ndani ya mabomba mna gesi inayochemka hata kwenye ubaridi unaokufanya utafute sweta. Kwenye kile kisanduku cha nje gesi hiyo inapita ikiwa kimiminika, baridi kuliko asubuhi yoyote ya Durban. Hewa ya Julai kwetu ni baridi, lakini kwa gesi ile ni jiko. Inachemka, inakuwa mvuke, na mvuke huo umeshabeba joto kutoka nje. Kompresa inaukamua mpaka unakuwa wa kuunguza kidole, kisha unaingia ndani ya nyumba na kuliacha joto lake kwenye koili, yale mabomba yaliyokunjwakunjwa, feni inalipuliza sebuleni. Mvuke ukishapoa unarudi kuwa kimiminika, unapita kwenye tundu jembamba, unapoa vibaya sana, unatoka nje kutafuta mzigo mwingine. Ikifika Februari, vali moja inageuza safari, joto likabebwa kutoka sebuleni kwenda nje. Ni friji tu. Siku ya baridi, chumba chako ndicho mgongo wa friji.

Faida yake mteja anaielewa haraka ukimtajia umeme. Hita ya waya inatengeneza joto lote kwa umeme, kipimo kwa kipimo. Pampu inatumia umeme kwa kubeba tu, kwa hiyo kwa kipimo kimoja unapata joto la vipimo kama vitatu, na kwenye baridi nyepesi ya hapa kwetu wakati mwingine zaidi. Ukimlipa mpagazi humlipi bei ya gunia. Hakuna moto, hakuna moshi, hakuna mafuta ya taa ya mtoto kuyapindua. Umeme ukikatika inazimika kama kila kitu kingine, na hilo mwambieni mteja mapema, asije akalisikia kwa jirani.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, Mkenya, mama mwenye maswali. Nilipomaliza kumweleza hayo yote aliniuliza, "Sasa fundi, hiyo hewa ya nje ikishanyang'anywa joto lake inaenda wapi?"

"Inaenda zake, mwalimu," nikajibu. "Inakuja nyingine."

"Aha. Kwa hivyo lazima kuwe na nyingine."

"Nje hewa haiishi, mwalimu," nikamwambia, na wote tukacheka. Nilitoa jibu sahihi kabisa, nikaliacha pale kwake, sikurudi nalo nyumbani.

Ndipo nikafika kwa Bi Salima. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, wa wale Wazanzibari wa Chatsworth, watu ambao mababu zao waliletwa Durban kwa meli kutoka kaskazini zamani sana. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alichopata kwa bibi yake na kwa mwalimu wa madrasa, na palipopungua alijazia Kiingereza na Kizulu. Lakini aliposikia fundi anasema Kiswahili alikataa tuzungumze lugha nyingine. Alikuwa binti mdogo serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowatoa kwao Bluff, karibu na bahari, na kuwapakia kwenye malori kuja Chatsworth. Alinionyesha sufuria aliyoipakata safari nzima. Bado alikuwa anaipikia wali.

Kifua chake kilikuwa kibaya. Daktari alimkataza baridi, unyevunyevu na hita ya mafuta ya taa, jambo ambalo kwa nyumba ile mwezi wa Juni lilikuwa sawa na kumkataza nyumba yenyewe. Mwanawe wa pekee, Yusuf, alifanya kazi Johannesburg. Ndiye aliyetuita, na alinieleza kwa simu bila kuzunguka. "Fundi, nakuja Julai. Nikikuta nyumba ina joto, mama atabaki. Nikikuta bado baridi, naondoka naye. Sitaki anifie huku nikiwa mbali."

Alikuwa mtoto mwema na alisema kweli. Lakini Bi Salima, nilipokuwa napima ukuta, alinishika mkono wa shati. "Mwanangu, mimi Johannesburg namjua nani? Nitakaa juu huko naangalia ukuta. Fanya vizuri, please." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amempata fundi wa tangu Bujumbura. Nilisema hivyo kwa sauti, na Furaha ni shahidi.

Tatizo lilikuwa wezi. Mtaa ule watu walikuwa wanang'oa visanduku vya nje ili wauze shaba, na jirani wa pili alikuwa ameamka siku moja akakuta matundu manne ya skrubu. Hapo nilipata wazo, na nakumbuka jinsi lilivyonifurahisha. Nyuma ya nyumba kulikuwa na stoo ndogo ya matofali, ya vifaa vya marehemu mumewe, yenye mlango imara wa mbao na bila dirisha. Nikakifunga kile kisanduku cha nje humo ndani. Mwizi hakioni, mvua haikifikii, vumbi halikigusi.

Furaha alikuwa anaunganisha waya. Alisimama akaangalia. "Tonton, itapumua je humu?"

"Mashine haina mapafu, Furaha."

"Bon. Ni wewe mkubwa."

Hata hapo sikutosheka. Niliona uwazi chini ya mlango, na mkono wa Mzee Barnabé ukanishika kutoka Bujumbura. Nikaziba uwazi ule kwa sponji, nikaziba na pembeni, kazi safi kabisa ya ghala la samaki. Nikaweka kufuli, nikampa Bi Salima funguo mbili. Tukawasha. Dakika ishirini sebule ilikuwa na joto, Bi Salima akavua sweta moja kati ya tatu na kutulisha samosa. Nilirudi Overport nikiimba. Furaha kwenye pikapu hakuimba.

Siku tatu baadaye simu ikalia. "Fundi, mashine yako inachoka," alisema Bi Salima. Nilimwuliza inachokaje. "Inaanza vizuri. Halafu inapuliza kama mgonjwa. Halafu inanyamaza, inafikiri. Halafu tena."

Nilifika saa nne asubuhi. Yeye alikuwa ameshaizima tangu jua lilipotoka, kwa kuwa ilikuwa haina faida. Nilifungua stoo, nikauacha mlango wazi ili nipate mwanga, nikaiwasha. Ilifanya kazi kama siku ya kwanza. Nikakaa nayo saa nzima, haina neno. Nilimtazama Bi Salima jinsi mafundi tunavyowatazama wazee, nikamfundisha rimoti polepole, kitufe kwa kitufe. Alinisikiliza kwa adabu. Nikafunga stoo, nikaivuta kufuli mara mbili kuhakikisha, nikaenda zangu.

Alipiga tena. Safari hii nilikwenda na geji, nikapima gesi, nikaikuta sawa, na bado nikaongeza kidogo ili nisionekane nimekuja bure. Kijana yeyote akifanya hivyo nitamrudisha kwenye ufagio. Mara ya tatu nilibadilisha kihisi joto kilichokuwa kizima. Kila nilipofika na mlango ukawa wazi, mashine ilikuwa nzima. Kila nilipofunga na kuondoka, iliugua. Mtoto wa darasa la tano angeuliza kilichobadilika ni nini. Mimi niliagiza kibao kipya cha umeme.

Wakati huo kikohozi cha Bi Salima kilikuwa kinashuka chini zaidi kifuani, nilikisikia kwenye simu kabla hajasema hujambo. Jumatano Yusuf akanipigia. "Nakuja Jumamosi," alisema. "Nimeshaazima gari kubwa. Fundi, mama yangu si mahali pa kufanyia majaribio." Nilikaa kwenye kreti karakanani na nikaona haya kweli, si haya za kuchekesha. Nilikuwa nimemwahidi mama wa watu kwa mdomo mkubwa, na sasa atapakiwa kwenye gari mara ya pili maishani mwake, safari hii kwa sababu yangu.

Ijumaa nilimwambia Furaha twende mapema bila kupiga simu, tuikute mashine katika ugonjwa wake. Tulifika Bi Salima akiwa ameshasali alfajiri na ameiwasha tangu hapo. Alifungua mlango akiwa na koti, blanketi na kilemba cha sufi. Mashine ya sebuleni ilikuwa inapuliza kipumzi cha vuguvugu. Nikaomba ufunguo wa stoo.

"Haya," alisema, "lakini usiniangushie samaki."

"Samaki gani, mama?"

"Wangu."

Nikafungua. Baridi ilinipiga usoni, na pamoja nayo harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu ujana, harufu ya ghala la Bujumbura. Kisanduku changu kilikuwa kimevaa barafu nyeupe pande zote. Juu ya rafu, kati ya nyundo na misumari ya marehemu, kulikuwa na beseni la samaki lililofunikwa kwa sahani, chupa mbili za maziwa, na bakuli la jeli nyekundu. Furaha alichukua kijiko kilichokuwa pembeni, akaigonga jeli. Ilikuwa imeshika vizuri.

"Eish," alisema. "Minaona mashine haiko mgonjwa, tonton. Ni wewe njo uko mgonjwa."

Bi Salima alikuwa amesimama nyuma yetu na blanketi lake. "Friji yangu ndogo," alieleza, "na Yusuf anakuja, anapenda samaki. Nikaona humu baridi nzuri sana kila asubuhi. Nikasema, huyu fundi ana akili, amenipa sebule ya joto na stoo ya baridi. Nilidhani ni zawadi."

Nilikuwa nimeitwa kutia nyumba joto, na kwa mikono yangu miwili, kwa sponji na kufuli, nilikuwa nimejenga friji. Mashine ilikuwa imebeba joto lote la stoo ndani ya saa moja, na baada ya hapo haikuwa na kitu cha kubeba. Ilizunguka na hewa ileile iliyokwisha kunyang'anywa, ikaganda, ikasimama kujiyeyusha, ikaanza tena. Mwalimu yule Mkenya alikuwa ameniambia lazima kuwe na nyingine. Hapakuwa na nyingine. Nilikuwa nimeifungia nje.

"Mama," nikasema, "kosa ni langu."

"Lote?"

"Lote."

Alifikiri. "Basi samaki wangu niwaweke wapi?"

Tulifanya kazi siku nzima na hatukwenda hata kula. Niling'oa mlango na bawaba zake. Tulivunja tundu kubwa kwenye ukuta wa nyuma wa stoo, hewa ipate pa kuingilia, tukakisogeza kisanduku mpaka mlangoni kabisa, feni ikitazama nje, ipulize ile baridi uani iende zake. Furaha alikumbuka nondo za madirisha zilizokuwa karakanani, tukazifunga mbele na nyuma, mwizi apate taabu na hewa isipate. Nilitoa ile gesi niliyoiongeza kwa ajili ya kiburi. Samaki walihamia kwa jirani, na kila aliyepita uani alisimuliwa sababu.

Jumamosi nilikuwepo Yusuf alipofika. Sikuitwa. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni kama mshtakiwa, kofia magotini. Aliingia na masanduku mawili matupu, akayaweka karibu na mlango, akambusu mama yake mkono, akakaa bila kuvua jaketi. Nje kulikuwa na upepo wa baridi na mvua nyembamba, siku ambayo mimi mwenyewe nisingeichagua.

Saa nzima Yusuf aliitazama mashine, mimi nikamtazama Yusuf. Ilipofika katikati ya saa ya pili mashine ikanyamaza.

"Imekufa?" aliuliza.

"Inajiyeyusha," nikasema. "Dakika chache tu." Nilijua ni kweli, ni jambo la kawaida kwa kila mashine ya aina hiyo siku ya baridi yenye unyevunyevu, na bado nilihesabu moyoni kama mtu anayezamia majini. Ikaanza tena. Hewa ya moto ikarudi. Bi Salima alikuwa amebaki na sweta moja, ameegemea kiti, amelala, na nikagundua kwamba tangu nifike sikuwa nimemsikia akikohoa. Nadhani Yusuf aligundua wakati huohuo, kwa sababu alisimama, akavua jaketi, akatoka uani. Nilimwona dirishani akiweka mkono mbele ya feni. Alirudi ndani, akaweka mkono mbele ya mashine ya ukutani. Akatoka tena. Sikumcheka, mimi nilitoka mara nne.

"Huko kunatoka baridi," aliniambia.

"Ni hewa iliyoacha joto lake humu ndani."

Bi Salima alifumbua macho, na Yusuf akamwuliza kwa Kiingereza kama anataka waondoke pamoja. Alimjibu mwanawe kwa lugha hiyohiyo, lakini maneno ya mwisho aliyarudia kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu. "Mara ya kwanza nilihamishwa, hakuna mtu aliniuliza. Leo wewe umeniuliza, mwanangu, asante. Jibu ni hapana. Nakaa."

Tulikula samaki, waliorudishwa kutoka kwa jirani, na jioni akaondoka na masanduku yake matupu kama alivyokuja nayo.

Kila mwaka kabla ya Juni nilikwenda kusafisha filta na koili, na kila mwaka nilisimuliwa habari ya zawadi yangu mbele ya wageni wapya. Ule mlango niliong'oa aliulaza juu ya matofali uani, ukawa meza yake ya kuparia samaki. Alikaa katika nyumba ile majira nane ya baridi. Alifariki Februari iliyopita, kitandani kwake, mwezi ambao hauna haja ya joto la mtu. Nilikwenda mazikoni nikalia kuliko nilivyotegemea, na Godelive alinishika mkono njia nzima ya kurudi.

Mwezi uliofuata nikastaafu. Wiki mbili zilizopita simu ikalia.

"Fundi, najua umepumzika," alisema Yusuf. "Lakini njoo uisafishe ile mashine kabla ya baridi. Nimeacha kazi Johannesburg. Narudi nyumbani."

Nilikwenda na Furaha. Masanduku mawili yalikuwa palepale karibu na mlango, safari hii yamejaa, na kwenye jiko ile sufuria ilikuwa na wali. Nilisafisha filta, nikaosha koili, nikawasha, ikapuliza vizuri. Uani Yusuf alikuwa ameuinua ule mlango kutoka kwenye matofali, ameuegemeza ukutani, magamba ya samaki bado yameshika kwenye mbao.

"Nafikiri niurudishe pale stoo," alisema. "Panaonekana vibaya hivi, wazi."

Mkono wangu ulianza kunyanyuka wenyewe. Furaha aliuona.

"Paache wazi," nikamwambia, nikashika upande mmoja wa mlango, yeye akashika wa pili, tukaurudisha juu ya matofali.